Mstari Nilioupitisha Katikati ya Kibanja cha Ma Anjelina

Vijana wangu mnaoketi leo kwenye mabaraza ya kata, mnaokuja hapa nyumbani mkitaka niwafundishe kusuluhisha ugomvi wa mipaka, kaeni vizuri. Nitaanza kwa kujisifu, maana sifa ninazo, na nisipozisema mimi sijui nani atazisema. Baba yangu alitoka ng'ambo ya mpaka akaja Karagwe kutafuta vibarua, hakuwa na shamba wala ndugu wa kumshika mkono. Mimi mwanawe nilitoka kijijini Ndama bila viatu, nikarudi na diploma, suti mbili na saa ya mkononi. Diploma hiyo mmeiona ukutani. Mihuri yake mitatu ni halisi.

Ila leo sitawaeleza nilivyoipata. Nitawaeleza nilivyoitumia, na hapo mtaniona nainama kidogo.

Nilisomea nchi inayoitwa Jamhuri ya Bwelani. Msiitafute kwenye ramani za sasa, imebadili jina na mambo mengi. Nilikwenda mwaka ule vita na jirani zetu wa kaskazini ilipoanza, kwa nafasi ya masomo ambayo vijana wengine waliikataa wakisema Bwelani ni mbali na chakula chao ni mihogo tu. Mimi nilikuwa nimezoea kula chochote.

Huko Bwelani walikuwa na siasa yao wenyewe. Waliiita Nguzo ya Kati. Wakufunzi walituchorea ubaoni nyumba ya msonge, kama zile za wazee wetu, wakasema: nchi ni nyumba hii, wapo wanaoivuta kulia, wapo wanaoivuta kushoto, na haiyumbi kwa sababu ya nguzo iliyo katikati. Basi kila ugomvi una kingo mbili, na ukweli unakaa katikati ya kingo hizo. Mpaka hapo mtaona ni maneno ya busara. Hata mimi niliona hivyo. Sehemu ya pili ya somo ilikuwa kwamba katikati hiyo haionwi na kila mtu. Inaonwa na mmoja, rais wao, aliyeitwa Mshika Nguzo, na kila ofisi ina mshika nguzo wake mdogo. Akishatamka katikati ni wapi, watu wote wanapiga kofi moja, pa!, na kinywa kinafungwa. Anayeendelea kusema baada ya kofi anaitwa mtu wa ukingoni.

Tulikuwa tukicheka mabwenini. Siku moja wanafunzi waligombana bwaloni, hawa wanasema maharage yana chumvi nyingi, wale wanasema hayana chumvi kabisa. Mlezi wa bweni akapanda juu ya benchi akatangaza, "Maharage yana chumvi ya wastani." Pa! Tukala. Yalikuwa hayana chumvi hata chembe, na kuanzia siku hiyo hakuna aliyeomba chumvi.

Darasani kwetu alikuwepo kijana mmoja wa huko huko Bwelani, Sumbi, mcheshi kupita wote. Akamuuliza mkufunzi, "Mwalimu, mmoja akisema mbili na mbili ni nne, mwingine akasema ni nane, Mshika Nguzo atasema ni sita?" Darasa zima tulicheka. Mkufunzi naye alitabasamu. Kesho yake asubuhi kitanda cha Sumbi kilikuwa kimetandikwa vizuri na sanduku lake halipo. Mlezi akatuambia kwamba Sumbi amehamishiwa ukingoni. Hakutuambia ukingoni ni wapi. Tukapiga kofi. Mimi nilipiga kwa nguvu, nikafaulu mtihani wa mwisho nikiwa wa tatu kati ya wanafunzi arobaini, na kwa miaka mingi habari hii nikiisimulia nilikuwa naanzia kwenye kuwa wa tatu.

Niliporudi Karagwe nilipewa ukatibu wa baraza la usuluhishi kwenye kata moja ya upande wa Kyerwa, ambako siku hizo kulikuwa bado ndani ya Wilaya ya Karagwe. Kata yenyewe sitaitaja. Mwenyekiti alikuwa mtu mpole, mchunga ng'ombe, aliyeamini kwamba mtu mwenye diploma hawezi kukosea. Nilichoandika mimi alitia sahihi. Kwa hiyo mshika nguzo wa kata nikawa mimi.

Mzee aliyenifundisha kazi kweli kweli hakujua kusoma. Tulimwita Ta Byabato, mjumbe wa baraza, mfupi, mwenye kofia ya sufi aliyoivaa hata juani. Mpaka kwetu, mnajua, unawekwa kwa milamula, ile mimea yenye shina la fundo fundo na majani marefu. Inapandwa kwa mstari kutoka kibanja hiki hadi hiki, na haifi upesi. Ta Byabato alinionyesha kwamba mlamula unaota hata ukikatwa kijiti na kuchomekwa ardhini, na ndiyo maana mwizi wa ardhi anaupenda. Anakata vijiti mvua zikikaribia, anavichomeka ndani ya shamba la jirani, miaka miwili baadaye anakuita uje uone mpaka wa babu yake.

"Sasa wewe msomi," aliniambia, "usitazame majani. Majani yanadanganya kama bwana harusi. Chimba."

Tukachimba. Mlamula wa zamani una mizizi ya rangi ya chungwa iliyosokotana mpaka huoni shina limeanzia wapi. Ule wa kuchomeka, ukifukua chini, unakuta shina limekatika bapa, alama ya panga ipo, na mizizi imetoka pembeni tu. Akanifundisha pia kuwauliza wanawake kuhusu mpaka kabla ya kuwauliza wanaume, maana wao ndio wanaopalilia na wanajua jembe lao lilikuwa likisimama wapi. Na kuuliza kahawa ya mti fulani huwa inachumwa na nani, si kuuliza mti ni wa nani. Andikeni hayo. Diploma yangu haikuwa nayo.

Nami nilimfundisha Ta Byabato kofi moja. Alilipiga siku ya kwanza, akageuka akaniuliza, "Mbu umemuua?"

Baraza zima likavunjika mbavu. Nilikasirika. Nikawaeleza kuhusu kingo na nguzo, nikawaambia kwamba tukikata kila mgogoro katikati, kesi zitaisha mapema na hakuna atakayesema tumependelea.

"Waitu, ndugu yangu," akasema Ta Byabato, "kwa hiyo mimi leo nikiidai suruali yako, tutagawana mguu mmoja mmoja?"

"Hayo ni maneno ya ukingoni, mzee."

"Sawa. Basi mimi nachagua mguu wenye mfuko."

Wakacheka tena. Lakini kesi ziliisha kweli. Tulikuwa tukimaliza tano wakati kata nyingine zinahangaika na moja. Wakubwa wa wilaya walinisifu mbele za watu. Sikugundua, au sikutaka kugundua, kwamba wanaoleta madai walikuwa wanaongezeka, na wengi wao walikuwa wakidai ardhi kubwa kupita kiasi. Mtu akijua utakata katikati, anadai mara mbili ya anachotaka kuiba.

Hivyo ndivyo alivyokuja Ta Mutungi.

Ta Mutungi alikuwa amenunua kibanja kwenye mteremko unaoelekea bondeni, kikipakana na cha mama mjane aliyeitwa Anjelina. Ma Anjelina alibaki peke yake, binti yake Koku ameolewa Bugene. Mumewe, Petro, alikuwa amezikwa pale pale kibanjani kama ilivyo desturi yetu, upande wa chini, karibu na kahawa alizozipanda mwenyewe. Ta Mutungi akadai kwamba mpaka wake unapita hatua thelathini ndani ya migomba ya mama huyu. Mstari wa milamula ulikuwepo hapo alipodai, mbichi, unapendeza.

Sasa niwaambie jambo ambalo kwenye kata ile niliamini hakuna aliyelijua isipokuwa watu wawili.

Nilipokuwa namaliza darasa la saba, mimi na baba tulitembea kutoka Ndama hadi mteremko ule kutafuta vibarua, kwa sababu kule hatukujulikana na baba alikuwa na aibu ya kupalilia kwa majirani. Tulipalilia kwa Petro na Anjelina misimu miwili. Ujira wetu ulikuwa mkungu wa ndizi na chumvi iliyofungwa kwenye jani. Ma Anjelina alitupa chakula ndani ya nyumba, mezani, si uani kama walivyofanya wengine. Siku moja mlamula mmoja wa mpakani ulikuwa umeoza. Petro akanipa mche akasema, "Deo, panda wewe, mikono yako bado ina nguvu." Kabla sijafukia akaokota kigae cha chungu kilichovunjika, chenye ukingo wa mistari, akakitumbukiza shimoni. Akasema, "Hiki hakioti wala hakiozi. Siku watu wakigombana, wewe utasema." Alikuwa anatania. Baba alicheka.

Kwa hiyo siku baraza lilipokwenda shambani, mimi nilikuwa nimevaa suti ya kijivu, nina beji ya nguzo niliyopewa Bwelani kifuani, nimesimama hatua kumi tu kutoka kwenye shimo nililochimba kwa mikono yangu. Milamula ya zamani ilikuwa imeng'olewa yote. Lakini nilipajua mahali pale. Palikuwa na jiwe jeupe juu kidogo, na bonde lilionekana kwa pembe ile ile.

Ta Byabato alifukua mlamula mmoja wa Ta Mutungi, akautikisa udongo, akatuonyesha. "Tazameni alama hii ya panga. Hata kutu yake bado ipo. Huu una mvua mbili tu."

"Nilipandia iliyokufa," akasema Ta Mutungi. "Mzee, kwani mlamula haufi?"

"Yote ilikufa kwa siku moja? Iliugua surua?"

Watu wakacheka. Mwenyekiti akamgeukia Ma Anjelina amuulize kama ana shahidi. Aliyekuwa jirani yao wa zamani alishakufa. Majirani wengine walikuwa wageni. Ma Anjelina alikuwa amekaa chini, miguu ameinyoosha, kitenge kimefunika magoti. Hakunitazama. Akasema taratibu:

"Yupo mtu mmoja anayeujua mpaka huu. Na leo yupo hapa. Mimi sitamtaja, kwa sababu sijui kama anapenda kutajwa. Akitaka atasema mwenyewe."

Kila mtu akatazamana na mwenzake. Ta Byabato akauliza, "Ni nani, Ma Anjelina? Mtaje, tumalize."

"Si mtoto. Ana kinywa."

Vijana wangu, nilikuwa nahitaji jembe na muda wa kuhesabu hadi hamsini. Basi. Lakini ili niseme najua, ningelazimika kuwaeleza nimejuaje. Ningelazimika kusema mbele ya mwenyekiti aliyekuwa akinibebea mkoba, na mbele ya walimu waliokuja kuniona nikifanya kazi, kwamba mimi ni mtoto wa kibarua wa ng'ambo, niliyepalilia migomba hii pekupeku kwa mkungu wa ndizi. Pale nilikuwa nimewaambia watu kwamba baba yangu alikuwa mfanyabiashara wa Murongo. Ma Anjelina alikuwa amesikia uongo huo, kwa sababu niliusema kanisani, yeye akiwa benchi la tatu. Hakunikanusha. Alikuwa ananifichia aibu yangu huku mimi nimeshika shamba lake.

Nikakohoa. Nikasema, "Baraza halitafuti mtu mmoja mwenye siri. Baraza linatafuta katikati."

Nikapima kwa kamba. Hatua kumi na tano kwa huyu, kumi na tano kwa yule. Nikachomeka kijiti. Ma Anjelina akanyanyuka, akasimama kando ya kijiti, akatazama chini upande wa bondeni.

"Petro amebaki upande wa Ta Mutungi," akasema.

Kaburi lilikuwa hatua tatu ng'ambo ya mstari wangu. Nilikuwa nimeliona. Nikasema kwamba kaburi litaheshimiwa, nikaandika hivyo hivyo kwenye uamuzi, "kaburi litaheshimiwa," kwa mwandiko mzuri. Ma Anjelina akauliza, "Na mimi nikifa?"

Nikainua mikono. Pa! Walipiga, lakini si wote. Ta Byabato alitia mikono yake mifukoni. Wakati wa kurudi alitembea nami mpaka njia panda, kisha akasema, "Mimi sijasoma. Lakini wewe ulijua kitu leo. Ulikuwa unatokwa jasho kabla jua halijapanda." Nikamwambia ni malaria.

Msimu uliofuata Ta Mutungi alipanda migomba mpaka juu ya kaburi. Akasema migomba ni heshima. Ma Anjelina alikuwa akija na jembe dogo kuondoa magugu, akafukuzwa mara mbili. Mara ya tatu alifunga mizigo yake, akaenda kukaa kwa Koku Bugene, kwenye shamba la wakwe.

Baadaye Bwelani ikaanguka. Tulisikia redioni kwamba Mshika Nguzo amekimbia nchi usiku wa kuamkia sikukuu yao. Nikavua beji. Hakuna aliyeniuliza beji iko wapi, na hilo liliniumiza kuliko kama wangecheka. Nikaanza kufanya kazi kwa njia ya Ta Byabato, kwa jembe na maswali, na hapa nisiwafiche, nikawa fundi. Waliniita mpaka Murongo, waliniita mpaka kwenye mashamba ya misheni. Nikiangalia mlamula kwa mbali najua una mvua ngapi. Kesi zote nilizokata katikati nilizirudia moja baada ya nyingine, nikawaomba watu radhi, nikajisikia mtu mkubwa kwa kuomba radhi.

Ile moja sikuirudia. Kila mwaka nilijiambia kwamba mama mwenyewe ameshahama, kwamba Ta Mutungi atalalamika, kwamba kumbukumbu za mtu mmoja si ushahidi. Kigae kilikuwa chini ya ardhi, nami nilijua kipo.

Siku moja, miaka ya tisini imeanza, Koku alinitumia mtu. Akasema, "Mama anaumwa. Anamwambia Deo kwamba anataka kulala karibu na Petro." Aliniita Deo. Mjumbe yule aliniangalia kwa mshangao, maana yeye alinijua kama Mwalimu, jina nililopewa kwa ajili ya diploma. Nikamwambia asubiri, nina semina Bukoba. Kweli ilikuwepo semina. Ingeweza kwenda bila mimi.

Baada ya wiki mbili akaja tena mjumbe yule yule. "Mama anasema kama ni aibu, basi msemezane ninyi wawili tu, yeye na wewe, kisha yeye atawaambia wazee kwamba mpaka aliuota ndotoni." Hata kwenye kitanda cha ugonjwa alikuwa anatafuta njia ya kunipitisha bila kuniumbua. Nikasema nitakwenda Jumatatu. Ilikuwa Jumatano. Nilitaka kwanza kushona suruali.

Jumatatu nilifika Bugene kwa gari la mizigo. Uani palikuwa na viti vingi na watu wachache. Wanaume walikuwa wanafungua turubai. Koku alinikaribisha, akanipa kiti, akaniletea kahawa za kutafuna kwenye kipande cha jani la mgomba kama mgeni yeyote. Nikauliza mgonjwa yuko wapi, ingawa nilishaona.

"Tulimzika jana, Mwalimu. Pale chini, kwenye mpaka wa baba mkwe. Walitupa nafasi ndogo, lakini walitupa."

Sikutafuna kahawa. Niliishika mkononi mpaka ikalowa jasho.

Wiki iliyofuata niliitisha baraza kwenye mteremko ule. Nilikwenda na jembe langu begani, nikipita katikati ya soko, watu wakiuliza Mwalimu leo vipi. Nikasimama mbele yao nikasema baba yangu alikuwa kibarua, nami pia, na tulilima hapa. Nilidhani ardhi itafunguka. Mzee mmoja nyuma akasema, "Kwani hilo tulikuwa hatulijui? Baba yako alilima hata kwangu. Tulidhani wewe ndiye umesahau."

Nikapata jiwe jeupe, nikahesabu hatua, nikachimba. Kigae kilitoka kwenye pigo la saba, kina mistari yake ile ile ukingoni. Ta Byabato, aliyekuwa tayari haoni vizuri, alikipapasa kwa vidole, akanirudishia. Ta Mutungi alikuwa amezeeka, ana mkongojo. Hakubisha mpaka. Aliniuliza tu, "Mbona siku ile hukusema? Mimi nilidai kwa kubahatisha. Ungesema ningeondoka."

Ardhi yote ikarudi. Wazee wakauliza kama mama naye anaweza kuletwa alale na mumewe. Wao wenyewe wakajijibu kwamba kwetu hatumfukui mtu aliyekwisha kupumzika. Koku alikuwepo, amejifunga kanga ya msiba. Nikamsogelea nikitaka kusema neno. Alinitangulia.

"Shamba tumelipokea, Mwalimu. Tunashukuru. Ila usije ukasema mahali popote kwamba umemrudishia mama."

Nikakaa kwenye kisiki kuandika uamuzi, maana katibu nilikuwa bado mimi. Mahali pa jina la mdai mkono wangu uliandika Anjelina. Nikalikata kwa mstari mmoja, nikaandika Koku.